Mashine Iliyouliza Neno Lile Lile

Tangu shule ifunguliwe wenzangu wa bwenini wameniuliza mara nyingi kwa nini nimerudi na viatu vile vile vya muhula uliopita, vilivyoshonwa na fundi pande zote mbili, ilhali kabla ya likizo nilijivuna mbele yao kwamba mjomba wangu ameniahidi viatu vipya. Nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Leo namwomba Bwana Mhariri nafasi kidogo niwajibu kwa kweli, maana habari ya viatu hivyo ni habari ya kompyuta, na nadhani wako wengi humu shuleni, na wazazi wetu pia, ambao huenda yakawapata yaliyonipata mimi.

Nyumbani kwetu ni Maretadu, wilaya ya Mbulu. Mjomba wangu ni katibu wa kikundi kidogo cha wakulima wa vitunguu saumu, zao ambalo wilaya yetu inajulikana kwalo. Kikundi kilinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika, nayo hukaa nyumbani kwa mjomba katika chumba cha mbele, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mke wake, kama watu wa zamani walivyofunika redio. Ndani ya kompyuta hiyo imo programu ya barua pepe, ya aina ile inayowekwa katika mashine yenyewe, kama vile Outlook au Thunderbird. Mjomba huipenda sana. Barua zote za kikundi zimepangwa humo mwaka kwa mwaka, naye aweza kuzisoma hata siku ambayo hana fedha ya bando. Fundi mmoja kijana ndiye aliyeiweka, akaingiza nywila, akalipwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo mjomba hakuulizwa neno na mashine ile. Alikuwa akibofya tu, na barua zinaingia.

Nilipofika likizoni mwezi wa Juni 2025 nilikuwa nimejaa elimu. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba nywila nzuri haiwi jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Jioni ya pili nikamwuliza mjomba nywila ya sanduku lake la barua ni nini, naye akaniambia bila kuficha: ilikuwa jina la binti yake wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Nikacheka. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo hata mbuzi wa jirani anaijua." Akakubali tuibadilishe. Nikafungua ukurasa wa kampuni inayotunza sanduku lake (kampuni hiyo sitaitaja, maana haikukosa kitu), tukaenda mahali pa kubadilishia nywila, naye akachagua maneno manne ya Kiiraqw yaliyounganishwa pamoja. Mjomba huandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyaandika, yeye akitazama. Nikamwonya pia asiyaandike popote, bali ayashike moyoni. Kisha nikatoka katika sanduku, nikafunga ukurasa, kama tulivyofundishwa. Bando likaisha usiku ule ule, na asubuhi nikaondoka kwenda kwa bibi yangu kumsaidia kuvuna maharage. Nilikaa huko siku kumi na moja.

Niliporudi niliona mara moja kwamba nyumba haina furaha. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba," akaitika, lakini hakunitazama. Tulikula kimya. Baada ya chakula akaniita chumba cha mbele, akaondoa kitambaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Siku ile uliandika nini humu?"

Nikamwambia niliandika maneno yake manne, kama alivyoyasema.

"Kwa q au kwa k?"

Msomaji asiyekijua Kiiraqw huenda akacheka hapa, lakini swali lile lilikuwa la haki kabisa. Lugha yetu ina sauti ambazo kila mtu huziandika apendavyo. Mmoja ataandika q, mwingine k. Mmoja ataandika hh, mwingine ataona h moja yatosha. Hata jina letu wenyewe, wageni huliandika Wairaki nasi tunaandika Wairaqw. Basi mjomba, siku alipopata fedha ya bando na kuifungua programu yake, alikuta kidirisha kimetokea katikati ya kioo kikiuliza nywila. Akaandika maneno manne. Kidirisha kikapotea kidogo, kikarudi. Akaandika tena, pole pole, herufi moja moja. Kikarudi. Akajaribu kwa k. Akajaribu kwa h moja. Akajaribu ile ya zamani, ya jina la binti yake. Kila mara kidirisha kilikubali kama mtu mwenye adabu, kikaenda, kisha kikarudi na swali lile lile. Kwa siku tano mjomba alikaa mbele ya swali hilo asubuhi na jioni, na mwishowe akaamini kwamba mimi, niliyeandika kwa mikono yangu, niliandika neno jingine ninalolijua mimi.

Kama ingekuwa shida ya mashine tu, nadhani tungecheka. Lakini mnunuzi mmoja wa Arusha alikuwa ameahidi kuandika barua ya kueleza ni magunia mangapi anataka na lori litakuja lini, pamoja na fomu ya kujaza na kurudisha. Mjomba alipoona barua haiji alipiga simu, na kijana wa ofisi ile akamjibu kwa haraka kuwa kila kitu kimekwisha tumwa kwa barua pepe, ajaze arudishe, akakata simu. Magunia 30 yalikuwa ghalani. Vitunguu saumu havikai bure: kila siku inayopita vinakauka, na kila vinapokauka uzito hupungua, na uzito ndio fedha. Wanachama wakaanza kunong'ona. Wengine walisema barua imefika lakini katibu ameificha, anataka kuuza ya kwake kwanza. Jioni moja mwenyekiti, mzee anayeheshimiwa sana, alikuja akaketi, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe na za baridi, na alipokuwa amekwisha simama kwenda zake ndipo akasema, "Mwanangu, na ile barua?" Mke wa mjomba ndiye aliyenieleza haya, maana mjomba mwenyewe hakuweza kuyasema. Alisema mjomba hakulala usiku ule.

Nikamwapia mjomba kwa jina la Mungu kwamba sikuandika neno jingine wala sikugusa kitu kingine chochote katika mashine yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifunika kompyuta, akafunga mlango wa chumba, na ufunguo, ambao siku zote hutundikwa msumarini karibu na saa, akautia katika mfuko wa koti lake. Hakunipiga wala hakunitukana. Afadhali angenipiga.

Usiku nilifikiri sana. Jambo moja lilinijia: sanduku la barua haliko ndani ya programu. Liko mbali, kwa kampuni, na programu ni kama mjumbe tu anayetumwa kwenda kulichungulia. Tuliyabadilisha maneno kule kwenye ukurasa wa kampuni, si katika programu. Basi kama maneno manne ni sawa, yangefungua kule kule tulikoyaweka. Asubuhi nikamwomba mjomba akae kando yangu, nami nisiguse kitu ila akiona. Akatoa ufunguo mfukoni.

Hapo tukapatwa na kioja. Kampuni, ilipoona watu wanaingia upya, haikuridhika na nywila peke yake. Ilitaka pia tarakimu sita zitakazotumwa kwa simu ya mjomba. Simu yake ni kitochi, nayo laini yake haishiki mtandao nyumbani. Hushika mlimani tu, chini ya mgunga, mwendo wa dakika tano. Modemu ya kompyuta ni ya kampuni nyingine na hushika ikiwekwa dirishani. Basi tukamtuma binamu yangu mdogo wa darasa la tano apande na kitochi, tukamweka dada yake katikati, kwenye mlango wa zizi, mimi nikasimama dirishani. Kijana akapiga kelele tarakimu, dada yake akazipokea na kuzirusha kwangu, nami nikaandika. Zikakataliwa. Upepo ulikuwa umeigeuza "nane" ikawa "nne." Tukaomba nyingine. Safari hii bibi mmoja jirani aliyekuwa akitoka kisimani akaisikia hesabu ile, akaenda nayo akiirudia kama wimbo, hata nikafikiri juu ya siri yote niliyofundishwa darasani ikipita njiani na ndoo kichwani. (Haikudhuru, maana tarakimu hizo hutumika mara moja tu na kufa.) Nazo zikachelewa, zikakataliwa. Ndipo mke wa mjomba, aliyekuwa akichambua mboga, akauliza kwa nini mtoto hateremki na simu yenyewe mkononi, kwa kuwa ujumbe ukiisha ingia hautoki. Tukatazamana. Mtoto akaleta simu mbio, akihema.

Nikaandika maneno manne, kwa q, na tarakimu sita. Sanduku likafunguka.

Mjomba alishika meza kwa mikono miwili. Barua ya mnunuzi ilikuwapo, ya tatu kutoka juu. Ilikuwa imefika siku nane zilizopita, nayo ilisema fomu irudishwe ndani ya siku tano. Mjomba akaisoma mara mbili, akatoka nje na kitochi chake, akapanda mlimani mwenyewe. Aliporudi alisema lori limekwisha pata mzigo kwa watu wengine, ila mnunuzi amekubali magunia 12.

Sasa, mimi nilikuwa nimeoshwa. Maneno yalikuwa yale yale, kwa herufi zile zile. Lakini programu bado ilikuwa ikiuliza! Nikaifungua, kidirisha kikatokea, nikaandika maneno manne yaliyofungua sanduku dakika chache nyuma, kikapotea, kikarudi. Hapo nilifanya jambo ambalo mjomba hakulifanya, wala simlaumu, maana halikuwa katika lugha anayoisoma. Kabla ya kidirisha kurudi, kilitokea kingine kidogo zaidi, cha maandishi ya Kiingereza, chenye kitufe kimoja tu cha kukifunga. Mjomba alikuwa akikifunga kila mara kama mtu anayefukuza nzi. Nikakiacha, nikasoma. Kilisema inatakiwa nywila ya pekee kwa ajili ya programu.

Kumbe kwa siku tano mashine ilikuwa ikimwambia waziwazi kwamba neno analoandika si la aina inayotakiwa. Si kwamba lilikosewa. Mtu angeweza kuliandika mara elfu bila kosa hata moja, na jibu lingekuwa lile lile.

Nitaeleza maana yake kwa mfano wa langoni petu hapa shuleni. Mwanafunzi akitaka kutoka, mwalimu wa zamu hampi ufunguo wa lango akatembee nao mjini. Humpa karatasi ya ruhusa yenye mhuri, ya mtu huyo na kwa safari hiyo. Ikipotea, ni karatasi tu. Haifungui ghala wala ofisi. Programu za zamani za barua zilikuwa zikitembea na ufunguo wenyewe. Kila zilipokwenda kuchungulia sanduku, baada ya kila dakika chache, zilipeleka jina na nywila ya mwenye sanduku, na yeyote aliyeinasa nywila hiyo aliweza kuingia kila mahali. Kwa hiyo makampuni yakaanza kukataa. Google iliacha kuzipokea programu zinazokuja na jina na nywila ya kawaida tu kwa masanduku ya watu binafsi tangu tarehe 30 Mei 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa masanduku yake ya watu binafsi tarehe 16 Septemba 2024. Programu mpya hufungua ukurasa wa kampuni, mwenye sanduku hujitambulisha pale pale, na programu hupewa kibali chake. Kwa programu nzee isiyojua njia hiyo, kama ya mjomba, ziko kampuni zinazoruhusu nywila ya pekee: herufi kumi na sita ambazo kampuni yenyewe huzitunga, za programu ile moja tu.

Niliporudi shuleni nilipenda kujua desturi hii ya nywila katika kompyuta ilianzia wapi. Ni katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa mashine iliyotumiwa na watu wengi kwa zamu, kazi iliyoongozwa na Fernando Corbató. Kila mtu alipewa nywila ili mafaili yake yasichanganyike na ya wengine. Na wizi haukuchelewa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyekuwa amepewa saa nne tu kwa juma, aliifanya mashine ichapishe nywila za watu wote kwenye karatasi, ili apate saa za wenzake. Mwaka 1966 ajabu nyingine: mafaili mawili yalibadilishana, na kila aliyeingia katika mashine akalakiwa na orodha ya nywila za wote badala ya salamu ya siku. Barua pepe ya kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilikuwa bado haijazaliwa; Ray Tomlinson aliituma ya kwanza mwaka 1971. Kwa hiyo bibi yule mwenye ndoo ana wenzake wengi katika historia.

Tukarudi katika ukurasa wa kampuni, mahali pa usalama. Tukaomba nywila ya programu, mtoto akapanda tena mlimani na kushuka na tarakimu nyingine, na tukaonyeshwa herufi kumi na sita katika mafungu manne ya nne nne, zisizo na maana katika lugha yoyote. Huonyeshwa mara moja tu. Ukifunga ukurasa huzioni tena. Sikumwambia mjomba azishike moyoni! Nikaziingiza katika programu, katika mahali pa kupokea barua na pia mahali pa kutuma, maana ni milango miwili na wengi husahau wa pili. Nikaiagiza mashine izitunze. Kidirisha kikaenda zake. Tukangoja. Hakikurudi. Barua zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, na mjomba akavuta kiti karibu.

Niseme kwa haraka kwamba si kila swali linalorudi lina asili hiyo. Pengine mashine imetunza nywila ya zamani na kuendelea kuitoa yenyewe bila kukuambia, na dawa ni kuifuta pale ilipotunzwa. Pengine kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Pengine mtandao ni dhaifu tu, mjumbe hakufika, naye hurudi na kusema amekataliwa. Lakini katika yote hayo kuna maandishi madogo yanayotokea mahali fulani, nayo hufungwa kabla ya kusomwa.

Ningeweza kukomea hapa, nami nikatokea shujaa. Lakini kuna lililobaki.

Fundi aliyeiweka programu ile zamani alikuwa ameipa nywila ya pekee toka mwanzo. Ndiyo sababu ilifanya kazi kimya kimya muda wote ule. Basi kwa nini ilikufa ghafula? Alasiri ile, mjomba akiwa amekwenda kunywesha ng'ombe, nilisoma ukurasa wa maelezo wa kampuni mpaka chini. Iliandikwa pale kwamba mwenye sanduku akibadilisha nywila yake kubwa, nywila zote za pekee alizozipa programu zake hufutwa papo hapo. Ni kama mwalimu mkuu akibadilisha mhuri: karatasi zote za ruhusa zenye mhuri wa zamani zimekufa, hata zile za watu waliokwisha toka langoni.

Aliyebadilisha mhuri ni nani? Nilikuwa nimeapa kwa jina la Mungu kwamba sikugusa kitu chochote katika mashine ya mjomba, na kweli sikuigusa. Niliigusa kwa mbali, nikicheka habari za mbuzi wa jirani.

Nikafunga ukurasa. Ulikuwa wa Kiingereza, na hapakuwa na mtu mwingine pale ambaye angeusoma. Jioni ile ufunguo ulikuwa umerudi msumarini karibu na saa. Mjomba aliniita "fundi" mbele ya mwenyekiti, akamwonyesha mzee barua na tarehe yake, na mzee akaitazama sana tarehe, akasema haya, yamekwisha. Mke wa mjomba alinipakulia maziwa ya mgando. Nayo hayakupita kooni vizuri.

Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa ghalani tukitayarisha magunia ya kwenda mnadani, yale 18 ambayo mnunuzi hakuyataka, mjomba akishona midomo ya magunia kwa shazia nami nikimshikia. Hapo nikamwambia. Nilimweleza habari ya mhuri na karatasi za ruhusa, na kwamba kama nisingemshauri kubadilisha nywila, barua ingeingia siku yake na fomu ingerudi kwa wakati. Alishona gunia mpaka mwisho bila kusema kitu, akakata uzi kwa meno.

"Kumbe ni wewe," akasema, "na si wewe."

Kisha akanipa shazia, akashika yeye, nami nikashona yaliyobaki.

Mnadani bei ilikuwa ya wanunuzi, si yetu. Walijua kwamba tumechelewa. Sijui nani huwaambia. Mjomba alipogawa fedha za wanachama na kulipa deni la magunia matupu, fungu lake lilikuwa dogo, na habari ya viatu haikutajwa tena na yeye wala na mimi. Nauli ya kurudi shuleni alinipa, na sabuni, na daftari sita.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka njiani. Basi lilipoonekana kwa mbali aliniuliza, "Na nikibadili tena yale maneno manne, mashine itauliza?"

"Itauliza, mjomba. Na ukiyaandika haitakubali. Utaomba zile kumi na sita upya."

Akatoa daftari lake dogo la kikundi na kalamu, akaliweka gotini, akaandika pale barabarani, kwa herufi kubwa, akitaja kila neno kwa sauti, na basi likamngoja.